Njia ya Vichwa katika Kitabu cha Kitereza

Kitabu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, chajulikana kwa mambo mawili: urefu wake, na wingi wa habari zilizomo. Kiliandikwa Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Viktoria, kwa lugha ya Kikerewe, na mswada wake ukamalizika mwaka 1945. Baadaye mwandishi mwenyewe aliutia katika Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980 katika vitabu viwili. Kitereza alifariki mwaka 1981, na husimuliwa kwamba hakukiona kitabu chake kilichopigwa chapa. Mswada ulingoja miaka thelathini na mitano upate msomaji. Msomaji naye, akisha kuupata, hulalamika kwamba apotea ndani yake.

Malalamiko hayo yana sababu. Kitereza huanza jambo, akalisimamisha njiani ili aeleze namna kazi fulani ilivyofanywa na wazee, kisha akarudi alipoachia pasipo kumwonya mtu. Mgeni aendaye ukweni hasalimu kwa neno moja. Salamu huandikwa, na majibu yake, na majibu ya majibu. Pombe haitajwi kwa jina tu, bali hutengenezwa mbele ya msomaji. Mwanafunzi aliyezoea hadithi iendayo mbio hufika mahali akajiuliza: Myombekere alikuwa akienda wapi, na kwa nini? Hapo huchukua karatasi, akaanza kuandika muhtasari wenye vichwa.

Siku hizi karatasi hiyo aghalabu ni kompyuta, na zipo programu za kuandikia zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa. Fikra yake si ya jana. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha watu mashine iliyoweza kupanga maneno kwa ngazi, kuyakunja yabaki vichwa vitupu, na kuyakunjua tena. Mfano mmoja alioutumia ulikuwa orodha ya vitu vya kununua sokoni, iliyogawanywa kwa mafungu. Ni katika miaka hiyohiyo, 1968 na 1969, kwamba wataalamu wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walikuwa Ukerewe wakimhimiza mzee Kitereza akitafsiri kitabu chake. Mambo haya mawili hayakujuana. Lakini mwanafunzi wa leo akaaye Nyegezi, mwenye kitabu cha mmoja mezani na fikra ya mwingine katika kompyuta, ameyakutanisha, na yafaa kupima ni nini kilichotokea kwa kitabu katika kukutana huko.

Programu iitwayo Emacs, ambayo ilianza mwaka 1976, hutumia alama ya nyota. Mstari uanzao kwa nyota moja ni kichwa kikubwa. Kwa nyota mbili, kichwa kilicho chini ya kile. Kwa tatu, chini zaidi. Mwaka 2003 Carsten Dominik, ambaye kazi yake ni elimu ya nyota za mbinguni, aliongeza juu ya msingi huo mpango uitwao Org, ingawa nyota za vichwa zilikuwapo kabla yake. Katika Org, kitufe cha Tab hukunja na kukunjua kichwa. Mwandishi akibonyeza Control pamoja na C, kisha Control pamoja na herufi nyingine, aweza kwenda katika maandishi pasipo kuyapita mstari kwa mstari. Herufi N humpeleka kwenye kichwa kinachofuata, na P kwenye kilichotangulia. F humpeleka mbele kwenye kichwa cha ngazi ileile, na B humrudisha nyuma kwa namna hiyohiyo. U humpandisha kwenye kichwa kilicho juu, yaani kile ambacho hiki alichosimama nacho ni sehemu yake.

Kwa mtu mwenye kuandika ripoti, miendo hii mitano ni wepesi wa mkono tu. Kwa mwenye kuhakiki riwaya ni zaidi ya hayo, maana kila mmoja ni namna ya kusoma.

Na ichukuliwe habari ya kwanza katika kitabu. Myombekere na Bugonoka wameoana na wapendana, ila hawajapata mtoto wa kumlea. Jamaa za mume wamsema mke kwa maneno ya kuumiza. Wazazi wa mke, waliposikia, wamchukua binti yao kumrudisha kwao. Mume abaki na nyumba isiyo na mwenyewe, akifanya kazi ambazo mwanamume hakuzoea kuzifanya. Hataki kuoa mwingine. Aenda ukweni kuomba. Atozwa faini ya pombe ya ndizi. Aitengeneza, aipeleka, arudishiwa mke. Mwanafunzi aandika kichwa cha nyota moja: Kuachana na kurudiana. Chini yake, kwa nyota mbili: Matusi ya jamaa, Bugonoka achukuliwa, Myombekere peke yake, Safari ya ukweni, Faini. Na chini ya Faini, kwa nyota tatu: Kuivisha ndizi, Kukamua, Kuchachusha, Kupeleka pombe.

Mwanafunzi ajuaye herufi N peke yake, na wengi hawajui nyingine, atapita vichwa hivi kimoja baada ya kimoja kama mtu ahesabuye maboya ya wavuvi. Akifika Kuivisha ndizi atakuta maelezo ya kazi. Kukamua, maelezo ya kazi. Kuchachusha, vivyo hivyo. Yeyote aliyeona pombe hii ikitengenezwa katika nchi za kandokando ya ziwa ajua hatua zenyewe: ndizi hufukiwa shimoni siku kadhaa hata zikaiva, humenywa, husongwa pamoja na majani katika chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, maji yake huchujwa, unga wa mtama uliokaangwa hutiwa, na vyote huachwa vichachuke. Mwanafunzi ataandika pembeni: mila za Wakerewe. Akimaliza kitabu kwa mwendo huo atakuwa amekusanya uvuvi, uganga, uzazi, ndoa na mazishi, kila kimoja katika kichwa chake, na atasema kwa moyo mweupe kwamba Kitereza aliandika kamusi ya desturi iliyovikwa nguo ya hadithi.

Hukumu hiyo yasikika mara nyingi mno kuhusu kitabu hiki. Hata jina la tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002, liliongezewa maneno yanayokiita kisa cha jumuiya ya kale ya Kiafrika. Ruhumbika ni mwana wa Ukerewe, naye alitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe kwa uaminifu mkubwa. Lakini maneno yale ya nyongeza yamwelekeza msomaji aitazame jumuiya kwanza na watu wawili baadaye. Hapana shaka kwamba Kitereza alitaka kuhifadhi desturi na lugha ya wazee wake. Kosa ni kudhani kwamba mtu ahifadhiye hawezi kuwa, kwa kalamu ileile, mtunzi.

Herufi U yaonyesha hivyo mara moja. Mwanafunzi asimame kwenye Kukamua, kisha apande. Anakuta Faini. Apande tena: Kuachana na kurudiana. Basi ile kazi ya miguu na majani katika chombo cha mti si somo la upishi. Ni adhabu ya mtu aliyeshindwa kumlinda mkewe na ndimi za jamaa zake, na kila hatua yake yachukua siku, na kila siku ni siku ambayo Bugonoka hayuko nyumbani. Urefu wa maelezo ndio urefu wa kungoja. Kama Kitereza angalisema kwa sentensi moja kwamba faini ililipwa, msomaji asingalijua kwamba ilikuwa nzito. Mhakiki alalamikaye kwamba hadithi husimama wakati pombe ichachukapo amesahau kupanda. Myombekere mwenyewe amesimama hapo, hana pa kwenda mpaka ichachuke.

Herufi F nayo ina fundisho lake, tena la kushangaza kidogo. Yapeleka kwenye kichwa cha ngazi ileile, lakini chini ya mzazi yuleyule tu. Ikimaliza watoto wa mzazi huyo husimama, haivuki kwenda kwa watoto wa mwingine. Katika elimu ya kompyuta vichwa huitwa kwa majina ya ukoo: kilicho juu ni mzazi, vilivyo chini ni watoto, vya ngazi moja ni ndugu. Herufi F, basi, yajua ndugu wa tumbo moja peke yao. Lakini katika Kitereza safari za kutembelea jamaa na marafiki zatokea katika sehemu zote za kitabu: wakati wa ugomvi, wakati wa kutafuta dawa, wakati watoto wamekwisha kukua nao watafuta wachumba. Mwanafunzi aliyeweka kila safari chini ya tukio lake hawezi kwenda kwa F kutoka safari ya kwanza hadi ya pili, maana wazazi wao ni mbali. Asipokuwa mwangalifu hatatambua kwamba Myombekere aliyekwenda zamani kuomba mke na Myombekere mzee apokeaye wageni wake ni mtu mmoja katika mchezo mmoja wa heshima, mara hii akikaa upande wa pili wa mlango.

Hapa yafaa kutaja wasomaji ambao kwao vichwa si anasa, yaani wasomaji wasioona. Hao husikiliza maandishi kwa programu zinazosoma kilicho katika skrini kwa sauti, kama vile JAWS, na NVDA ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na hutolewa bure. Mwenye macho akipotea hupeperusha kurasa akaona herufi nene. Asiyeona hana ukurasa wa kupeperusha. Katika programu hizo herufi H humpeleka kwenye kichwa kinachofuata, na tarakimu kutoka 1 hadi 6 humpeleka kwenye kichwa kinachofuata cha ngazi hiyo. Akibonyeza 3, aenda kwenye kichwa cha ngazi ya tatu kilicho mbele yake, mzazi wake awe ni nani. Kitufe hiki hakiulizi habari ya tumbo. Chauliza habari ya rika. Na kwa kitabu cha Kitereza, kilichotungwa na mtu wa nchi ambako rika lilikuwa neno zito sawa na ukoo, kitufe cha rika humfikisha msomaji kwenye safari zote zilizowekwa ngazi moja, moja baada ya nyingine, popote zilipo. Ni jambo la kuchekesha, na la haki pia, kwamba mwanafunzi asiyeona aweza kuiona sanaa hii ya marudio upesi kuliko mwenzake mwenye macho na Emacs yake.

Lakini aweza tu ikiwa vichwa ni vichwa kweli. Tasnifu nyingi za Kiswahili huandikwa na watu wanaokoleza mstari kwa wino mnene, wakaukuza kidogo, wakauita kichwa. Jicho lakubali, mashine yaona mstari wa kawaida tu, na herufi H yaupita kana kwamba haupo. Kurasa za vitabu vya zamani zilizopigwa picha zikatiwa katika kompyuta pasipo kugeuzwa kuwa herufi ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata sauti haitoki. Nahodha atokaye Mwanza usiku hujua mwamba uko wapi kwa sababu mwamba upo. Mwamba uliochorwa kwenye ramani tu haumwongozi mtu. Anayeandika uhakiki pasipo kuweka alama halisi ya kichwa amewafungia mlango wasomaji asiowajua.

Kasoro nyingine ya vitufe hivi ni ndogo, ila yawahusu watu wa Kiswahili. Herufi N, P, F, B na U zilichaguliwa kwa kuwa ni mwanzo wa maneno ya Kiingereza. Mwingereza hazikariri; azikumbuka kwa maana. Msomaji wa Kiswahili azishika kama hirizi, hajui kilichoandikwa ndani, na ndiyo sababu moja huishia kwenye N. Wala hapana sheria imlazimishayo. Emacs huruhusu kila kitufe kipewe kazi nyingine, na mtu aweza kuweka F iwe ya kufuata, R ya kurudi, N ya kwenda kwa ndugu, P ya kupanda. Hapo P, ambayo sasa humrudisha msomaji nyuma, ingemwinua juu, na kitufe chenye manufaa kupita vyote kwa mhakiki kingekuwa na jina analolijua tangu utotoni.

Kuna neno moja la mashine hii ambalo msomaji wa Kitereza hawezi kulipita hivihivi. Katika Org, mtu akibonyeza Tab juu ya kichwa ambacho chini yake mna maneno lakini hamna vichwa vingine, programu humjibu kwa Kiingereza kwamba tawi hilo halina watoto. Jibu hilo ni la kiufundi, halina huzuni. Lakini mwanafunzi akiwa ameandika Bugonoka kuwa kichwa, na mambo yake yote akayaweka chini yake kwa maneno tu, mashine itasema juu ya Bugonoka lilelile walilosema jamaa za mumewe. Kitereza na mkewe Anna Katura walioana mwaka 1919, na watoto waliozaliwa kwao hawakuishi. Mtu huyo ndiye aliyetunga kitabu kirefu ambacho nusu ya jina lake ni majina ya wazazi na nusu ni majina ya watoto waliopatikana. Haifai kusema kwamba riwaya ni maisha ya mtunzi. Haifai pia kusahau kwamba, kwa mtunzi huyu, tawi lisilo na watoto halikuwa neno la ufundi.

Yabaki tatizo kubwa kuliko yote, ambalo vitufe haviwezi kulitatua kwa kuwa vyenyewe vimejengwa juu yake. Katika muhtasari wa nyota kila kichwa kina mzazi mmoja tu. Pombe ya Myombekere ina wazazi wangapi? Ni adhabu, basi yakaa chini ya Faini. Ni kazi ya mikono, basi yadai kukaa pamoja na uvuvi na kilimo. Ni kinywaji cha wakwe ambao watakapolewa watasema maneno ambayo wakiwa macho makavu wasingeyasema, basi ni sehemu ya vichekesho vya kitabu, ambavyo wahakiki wameviacha karibu vyote. Katika Org mwandishi akishika Alt na mshale wa kushoto hukipandisha kichwa ngazi moja, na kwa mshale wa kulia hukishusha. Kila mara afanyapo hivyo ametoa hukumu juu ya kitabu. Akiipandisha Pombe ikawa sawa na Faini, amesema kwamba kazi ni kubwa sawa na kosa. Akiiacha chini, amesema kazi ni mtumwa wa kosa. Hukumu hii ya pili ndiyo yenye haki zaidi kwa sehemu ya kwanza ya kitabu. Kwa sehemu za mwisho, ambako desturi zaonekana kuandikwa kwa ajili ya kuhifadhiwa na matukio yamewekwa kama vigingi vya kuzifungia, yaweza kuwa kinyume, na mhakiki mwaminifu atakubali kwamba huko Kitereza amelegea.

Tena, N haiendi kwenye kila kichwa. Yaenda kwenye kichwa kinachoonekana. Vilivyokunjwa hurukwa kimya, pasipo alama ya kumwambia msomaji kwamba ameruka. Mwanafunzi aliyekunja Myombekere peke yake kwa sababu hakuna jambo linalotukia humo atatoka kwenye Bugonoka achukuliwa akaangukia Safari ya ukweni, na ataona mume mwepesi wa kubembeleza. Zile siku za kupika mwenyewe na kula mwenyewe, ambazo ndizo zilizomsukuma, zimo ndani ya mkunjo.

Watu waendao Ukerewe wana njia mbili. Moja ni ya meli, kutoka bandari ya Mwanza moja kwa moja hadi Nansio. Nyingine ni ya barabara, kupitia Magu na Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi. Mwenye shughuli huchukua meli, na hapana wa kumlaumu. Lakini salamu za Kitereza ziko barabarani. Hazina kichwa, wala haziwezi kupewa: mwanafunzi akizipa kila moja nyota yake muhtasari utakuwa mrefu karibu sawa na kitabu, na asipozipa hapana kitufe kitakachomfikisha. Aweza kutafuta neno kwa Control na S, akaonyeshwa kila mahali neno la salamu lilipoandikwa, lakini atapata salamu pasipo wasalimiaji. Ili ajue kwamba baba mkwe amechelewa kidogo kuitika, na kwamba katika kuchelewa huko mna jibu la ombi ambalo Myombekere bado hajalitamka, itambidi akunjue vichwa vyote na ashuke kwa mshale, mstari baada ya mstari.